Vyama vya Siasa Nchini Kenya, Kutoka KANU na KADU Hadi Leo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila msimu wa uchaguzi ukikaribia, vijana waliozaliwa baada ya 1991 huuliza maswali yale yale. Mbona vyama vyetu havidumu? Mbona kila eneo lina chama chake? KANU, chama kilichotawala tangu uhuru hadi 2002, ilipata wapi nguvu zile? Mara nyingi hujibiwa kwa neno moja, ukabila, na mazungumzo yakaishia hapo. Ukabila upo, hakuna anayekataa, lakini vyama vya Kenya vilipata sura yake kutokana na sheria zilizotungwa kwa makusudi, hofu ya ardhi, na wanasiasa waliojua kuitumia hofu hiyo. Majibu yaliyo hapa chini yanakaa zaidi pale ambapo vyama viliuawa, maana ndipo penye maelezo mengi.

## Kabla ya KANU kulikuwa na chama gani?

Kulikuwa na KAU (Kenya African Union), iliyoanza 1944 na kuongozwa na Jomo Kenyatta kuanzia 1947. Ndiyo iliyokuwa na wafuasi kutoka jamii mbalimbali, ingawa nguvu yake kubwa ilikuwa Nairobi na Mkoa wa Kati. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Kenyatta na wenzake watano walikamatwa na kupelekwa Kapenguria kushtakiwa, na Juni 1953 KAU ikapigwa marufuku.

Kilichofuata ndicho watu wengi hawafundishwi. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliwaruhusu tena Waafrika kuunda vyama, lakini kwa sharti kwamba kila chama kiwe cha wilaya moja tu. Mkoa wa Kati haukupewa hata hicho; huko liliruhusiwa baraza la ushauri la watu waliokuwa watiifu kwa serikali. Kiongozi wa Nyanza ya Kati hakuwa na ruhusa ya kufungua tawi Mombasa, wala wa Mombasa hakuweza kuandikisha wanachama Nakuru. Nairobi ikawa na vyama vyake, kikiwemo kile cha Tom Mboya, na Mombasa na wilaya nyingine zikawa na vyao.

Machi 1957 Waafrika walichagua wawakilishi wanane kwa mara ya kwanza. Miongoni mwao walikuwa Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Ronald Ngala wa Pwani, Masinde Muliro wa Nyanza ya Kaskazini na Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa. Kila mmoja aliingia barazani akiwa amejijengea ngome nyumbani kwake, kwa sababu sheria haikumwachia njia nyingine. Miaka mitano ya kufanya siasa kwa mipaka ya wilaya ilitosha kuwazoesha viongozi na wapiga kura kuona kwamba chama ni mali ya eneo.

## KANU na KADU vilitokeaje?

Mapema 1960, katika mkutano wa kwanza wa Lancaster House jijini London, wajumbe wa Kiafrika walizungumza kwa sauti moja. Walirudi na ahadi ya kuwa wengi katika Baraza la Kutunga Sheria, na marufuku ya vyama vya nchi nzima ikaondolewa. Umoja ule haukumaliza nusu mwaka.

KANU (Kenya African National Union) iliundwa Kiambu Mei 1960. Kenyatta alikuwa bado amezuiliwa Lodwar, na kwa kuwa serikali isingekisajili chama chenye yeye kama rais, James Gichuru alishika nafasi hiyo kwa niaba yake. Odinga akawa makamu, Mboya katibu mkuu. Ngala na Moi walikuwa nje ya nchi, wakachaguliwa hawapo: Ngala mweka hazina, Moi msaidizi wake. Hebu fikiria unarudi nyumbani na kukuta rais, makamu na katibu mkuu wanatoka kwenye jamii kubwa, na wewe uliyesimama barazani miaka mitatu kwa niaba ya Pwani nzima umeachiwa daftari la hesabu. Wote wawili walikataa.

Juni mwaka huo huo vyama vya Wakalenjin, Wamaasai, Pwani na Waluhya waliomfuata Muliro vilikutana Ngong na kuunda KADU (Kenya African Democratic Union). Ngala akawa rais wake.

## Je, KADU ilikuwa chama cha vibaraka wa walowezi?

Hivyo ndivyo KANU ilivyokuwa ikisema majukwaani, na ni kweli KADU ilijipa sababu ya kushukiwa. Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11. KANU ikagoma kuunda serikali hadi Kenyatta aachiliwe. KADU ikakubali kuiunda, ikisaidiwa na chama cha walowezi cha Michael Blundell. Kwa wananchi waliokuwa wakiimba jina la Kenyatta kila mkutano, huo ulikuwa usaliti.

Lakini hofu iliyoizaa KADU ilikuwa ya kweli. Swali kubwa la wakati ule lilikuwa nani atachukua mashamba ya wazungu wakiondoka. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ya Wamaasai na Wakalenjin kabla ya kuporwa, na sasa jamii zenye watu wengi zaidi na uongozi wenye nguvu zaidi ndizo zilizokuwa zikijongea mezani. Watu wa Pwani nao waliogopa kutawaliwa kutoka Nairobi na watu wasiojua hali yao. Jibu la KADU likawa majimbo: serikali za maeneo zenye mamlaka yake, na Seneti ya kuzilinda. Mfumo huo uliingia katika katiba ya uhuru ya 1963 baada ya mvutano mrefu kwenye mkutano wa pili wa Lancaster.

Mimi naona Ngala hakutendewa haki katika masimulizi yetu. Alichokuwa akidai, kwamba watu wa Kilifi waamue mambo ya Kilifi, ndicho Wakenya walichokipigia kura 2010 walipoidhinisha kaunti 47. Walowezi walimuunga mkono kwa sababu zao, naye alikuwa na zake.

## Kwa nini KADU ilijivunja mwaka 1964?

KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963 kwa wingi mkubwa, Kenyatta akawa waziri mkuu Juni 1, na uhuru ukaja Desemba 12. Baada ya hapo serikali kuu ilianza kuyanyima majimbo pesa na watumishi, na kila wiki mbunge mmoja wa upinzani alikuwa akihamia upande wa serikali. Ukiwa mbunge wa upinzani, barabara haikufiki, shule haifunguliwi, na waliokuchagua wanaanza kukuuliza unawafaa nini. Paul Ngei, aliyekuwa na chama chake cha APP Ukambani, alikuwa ametangulia kurudi KANU 1963. Novemba 10, 1964, Ngala alitangaza bungeni kwamba KADU imevunjwa, na mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri yenye chama kimoja bungeni.

Moi, mwenzake Ngala katika KADU, aliingia serikalini, na Januari 1967 alikuwa makamu wa rais. Wanasiasa wote walilisoma somo hilo: ukikubali kuvunja chama chako kwa wakati unaofaa, unalipwa. Limesomwa na kurudiwa mara nyingi mno tangu siku ile.

## KPU ilikuwa chama cha Wajaluo?

Hapana. KPU (Kenya People's Union), chama cha Odinga baada ya kutoka KANU, angalau haikuanza hivyo, na hapa inabidi tuende polepole kwa sababu uongo huu umedumu kupita kiasi.

Mgogoro uliozaa KPU ulihusu sera. Ndani ya KANU kulikuwa na kundi lililoona si haki mtu aliyepokonywa ardhi ainunue tena kwa mkopo. Bildad Kaggia, mbunge wa Kandara, alilisema hilo waziwazi na kutaka wasio na ardhi wagawiwe bila malipo. Mwaka 1965 Kenyatta alimkabili katika mkutano wa hadhara, akamuuliza amejifanyia nini tangu watoke kifungoni, ilhali wenzake waliofungwa naye wana mashamba na biashara. Kaggia hakuyumba. Odinga, aliyekuwa makamu wa rais, alikuwa upande huo huo wa hoja.

Machi 1966 KANU iliitisha mkutano wa wajumbe Limuru. Cheo cha makamu wa rais wa chama kilichokuwa cha Odinga kilifutwa, na badala yake vikaundwa vyeo vinane vya makamu, kimoja kwa kila eneo. Odinga alijiuzulu serikalini Aprili, akafuatwa na wabunge kadhaa, na KPU ikazaliwa yeye akiwa kiongozi na Kaggia naibu wake. Achieng Oneko, aliyekuwa waziri wa habari, naye alijiunga. Kwa hiyo kati ya wale sita wa Kapenguria, wawili walikuwa KPU. Hao si watu wa kuambiwa kwamba hawakupigania uhuru.

Serikali ilijibu kwa sheria. Katiba ilirekebishwa haraka haraka ili mbunge anayehama chama kilichomdhamini apoteze kiti. Miaka miwili tu nyuma wabunge wa KADU walikuwa wamehamia KANU na kupokewa kwa shangwe, bila yeyote kuambiwa arudi kwa wapiga kura. Sasa waliotoka KANU ndio waliolazimishwa kurudi. Juni 1966 ulifanyika uchaguzi mdogo wa viti 29. KPU ilipata kura nyingi kidogo kuliko KANU kwa jumla, lakini ikaambulia viti tisa. Odinga alishinda Bondo. Kaggia alitangazwa ameshindwa Kandara, nyumbani kwake kabisa, baada ya kampeni ambayo vyombo vyote vya dola vilimwelekea yeye.

Mwaka 1968 ulipofika uchaguzi wa serikali za mitaa, fomu za wagombea wa KPU zilikataliwa nchi nzima, kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa. Fomu za KANU zilipita. Mtu anayesema KPU ilikataliwa na wananchi nje ya Nyanza ajiulize kwanza wananchi hao waliipata wapi nafasi ya kuikubali.

Kisha ukaja 1969. Tom Mboya aliuawa Nairobi Julai 5. Oktoba 25 Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali ya mkoa, maneno makali yakarushwa kati yake na Odinga mbele ya umati uliokuwa na uchungu wa msiba wa Mboya, na walinzi wa rais wakafyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 11; watu wa Kisumu wamesema miaka yote kwamba waliokufa ni wengi zaidi, na walikuwemo watoto. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Odinga alitoka 1971. Oneko alikaa hadi 1975.

Chama kilichobanwa kwa miaka mitatu hadi kikabaki na ngome moja kiliandikwa katika kumbukumbu kama chama cha ngome hiyo.

## Kati ya 1969 na 1982, Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria?

Kisheria hapana, kwa vitendo ndiyo. Hakukuwa na sheria ya kukataza chama kingine. Hakukuwa tu na chama ambacho kingesajiliwa. Ushindani ulihamia ndani ya KANU yenyewe, na chaguzi za 1969, 1974 na 1979 zilikuwa moto kweli, mawaziri wakiangushwa na walimu wa shule.

KANU kama chama, hata hivyo, ilikuwa imedhoofika. Nchi iliendeshwa na maafisa wa tawala za mikoa. Oktoba 1975, miezi michache baada ya mbunge J. M. Kariuki kuuawa, Martin Shikuku wa Butere alisimama bungeni na kusema kuna watu wanaotaka kuliua Bunge jinsi KANU ilivyouawa. Wenzake wa serikali wakapiga kelele wakitaka atoe ushahidi. Aliyekuwa kwenye kiti ni naibu spika, Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet. Uamuzi wake ulikuwa kwamba hakuna haja ya kuthibitisha jambo lililo wazi. Siku chache baadaye polisi waliingia katika majengo ya Bunge wakawakamata wote wawili. Waliachiliwa Desemba 1978, Kenyatta akiwa ameshafariki na Moi yuko Ikulu.

## Kifungu cha 2A kilikuwa nini hasa?

Kilikuwa kifungu kilichoingizwa katika katiba Juni 1982, kikisema Kenya itakuwa na chama kimoja tu cha siasa, KANU. Kilichokiharakisha ni habari kwamba Odinga na George Anyona walikuwa wakijiandaa kusajili chama cha kisoshalisti. Odinga alifukuzwa KANU, Anyona akawekwa kizuizini, na mswada ukapitishwa mbio. Agosti 1 mwaka huo wanajeshi wa anga wakajaribu kupindua serikali.

Kuanzia hapo, kufukuzwa KANU ilikuwa ni kufukuzwa kwenye siasa kabisa. Huwezi kugombea udiwani, sembuse ubunge. Kadi ya chama ikawa kitu cha kuulizwa sokoni na hata kwenye feri.

## Mlolongo ulikuwa nini, na kwa nini wazee wanautaja kwa hasira?

Ulikuwa utaratibu wa mchujo wa KANU uliotumika katika uchaguzi mkuu wa 1988. Wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea wao au wakala aliyeshika picha yake, kisha afisa anahesabu vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 kwenye foleni alihesabiwa amepita, bila kura ya siri kufuata.

Mpiga kura alitakiwa kusimama mchana kweupe, bosi wake akiona amesimama na nani. Halafu, mahali pengi, aliyekuwa na foleni ndefu alitangazwa ameshindwa na mwenye foleni fupi akapewa ubunge. Watu walikuwa wameona kwa macho yao. Wakishatawanyika, hakuna karatasi ya kuhesabu upya, na mahakamani utapeleka nini?

Wizi wa masanduku hufanyika usiku, mwananchi akabaki na mashaka. Huu ulifanyika mbele ya kijiji kizima. Naamini mlolongo uliiondolea KANU heshima kuliko jambo lolote lile, hata machoni pa wafuasi wake. Mwisho wa mwaka huo huo Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri kulalamikia udanganyifu katika uchaguzi wa chama Murang'a.

## Nani alirudisha vyama vingi, wananchi au wafadhili?

Wananchi walianza, wafadhili walimalizia. Mpangilio huo ni muhimu, kwa sababu wako wanaosema hadi leo kwamba demokrasia ni kitu tulichoamriwa na wazungu.

Siku ya mwaka mpya 1990, Mchungaji Timothy Njoya aliwaambia waumini wake Nairobi kwamba mfumo wa chama kimoja utaanguka Afrika kama ulivyokuwa ukianguka Ulaya Mashariki. Askofu Henry Okullu alisema vivyo hivyo. Februari waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, aliuawa, nchi ikatikisika. Mei 3, Matiba na Charles Rubia waliitisha waandishi wa habari na kudai vyama vingi. Wakaomba kibali cha mkutano katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, Julai 7. Walinyimwa, na Julai 4 wakatiwa kizuizini. Watu walikwenda Kamukunji hata hivyo, bila viongozi, wakakutana na polisi, na ghasia za Saba Saba zikadumu siku kadhaa hadi miji ya Mkoa wa Kati na Nakuru. Wapo waliokufa siku hizo ambao hawana hata bamba la kumbukumbu. Matiba mwenyewe alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini, na afya yake haikurudi tena.

Agosti 1991 ikaundwa FORD (Forum for the Restoration of Democracy), vuguvugu la kudai vyama vingi, ikiongozwa na wazee sita: Odinga, Muliro, Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Bamahriz. Nyuma yao walikuwa mawakili na wasomi vijana kama Paul Muite, James Orengo na Gitobu Imanyara. Novemba walijaribu tena Kamukunji, wakatawanywa na kukamatwa. Ni baada ya hayo yote ndipo wafadhili, wakikutana Paris mwishoni mwa Novemba, waliposimamisha misaada mipya. Desemba 3 Moi aliwaambia wajumbe wa KANU pale Kasarani kwamba kifungu cha 2A kitafutwa, na wajumbe waliokuwa wakipinga mageuzi dakika chache kabla wakapiga makofi. Bunge lilikifuta mwezi huo huo.

## Kama upinzani ulikuwa na nguvu hivyo, mbona Moi alishinda 1992?

Kwa sababu FORD ilipasuka. Matiba alirudi kutoka matibabu Uingereza akitaka urais. Odinga, aliyengoja tangu 1966, aliona ni zamu yake. Kambi moja ikawa Agip House, nyingine Muthithi House, majengo mawili ya Nairobi, na hatimaye vikasajiliwa FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Matiba. Mwai Kibaki alikuwa ameshajiuzulu uwaziri siku ya Krismasi 1991 na kuanzisha chama cha DP (Democratic Party). Muliro, ambaye wengi walimwona kama mtu wa kuwapatanisha, alifariki Agosti 1992.

Desemba 29, 1992, Moi alipata asilimia 36 ya kura, Matiba 26, Kibaki 19, Odinga 17. KANU ikapata viti 100 kati ya 188. Pesa zilimwagwa, kundi la vijana wa KANU la YK'92 likagawa noti mpya za mia tano hadi zikabandikwa jina la mwenyekiti wake, na baadhi ya wapinzani walizuiwa kufikisha karatasi za uteuzi. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura walimkataa Moi siku ile, na akatawala miaka kumi mingine kwa sababu watu watatu hawakuweza kukaa meza moja. Sina neno laini kwa hilo. Damu ya Saba Saba ilistahili heshima zaidi.

## Ni kweli vyama vingi ndivyo vilivyoleta mapigano ya kikabila?

Moi alitabiri hivyo, kisha mapigano yakaja, na watu wakadhani ametimiziwa utabiri. Tazama mfuatano wa mambo. Septemba 1991 wanasiasa wa KANU kutoka Bonde la Ufa walifanya mikutano ya kudai majimbo, wakitishia kuwafukuza "wageni". Oktoba mapigano yakaanza shamba la Meteitei, Tinderet. Yakaenea hadi Olenguruone, Molo na Burnt Forest, na waliofukuzwa walikuwa hasa jamii zilizotarajiwa kuunga mkono upinzani. Mtu aliyekimbia shamba lake hana kituo cha kupigia kura.

Kamati ya Bunge chini ya Kennedy Kiliku ilichunguza 1992, wakati wabunge wote wakiwa waliochaguliwa kwa tiketi ya KANU, na bado ikahusisha vigogo wa chama na uchochezi. Tume ya Jaji Akiwumi baadaye ilifuatilia pia mashambulizi ya Likoni ya Agosti 1997. Mapigano hayo yalipangwa na watu waliotaka kushinda uchaguzi. Yalipata kuni za kuwasha kwa sababu lile swali la ardhi la 1960 halikujibiwa.

## Pwani ilikuwa na chama chake katika miaka hiyo?

Ndiyo, IPK (Islamic Party of Kenya). Kiliundwa 1992 na kukusanya umati mkubwa Mombasa, Sheikh Khalid Balala akiwa sauti yake kubwa, lakini serikali ilikataa kukisajili kwa hoja kwamba ni chama cha kidini. Wafuasi wengi walipiga kura kupitia vyama vingine. Malalamiko yaliyokibeba, ya hatimiliki za ardhi, ajira bandarini na vijana kuhangaishwa wanapoomba vitambulisho, hayakuwa ya dini peke yake, na mtu yeyote anayeishi Kisauni anayajua.

## Kwa nini vyama hubadilika kila uchaguzi?

Fuata safari ya Raila Odinga na utapata jibu karibu lote. Baada ya baba yake kufariki Januari 1994 alishindania uongozi wa FORD-Kenya na Wamalwa Kijana, akatoka, akachukua NDP yenye alama ya tinga. Mwaka 2002 aliiunganisha NDP na KANU. Moi alipomteua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake, Raila, Kalonzo Musyoka, George Saitoti na wengine walitoka na kuingia LDP, wakaungana na kina Kibaki, Charity Ngilu na Wamalwa kuunda muungano wa NARC. "Kibaki tosha," Raila alisema Uhuru Park Oktoba, na Desemba Kibaki akashinda kwa asilimia 62. Wengi wetu tulidhani vyama vya kweli vimezaliwa siku ile. Makubaliano ya kugawana nyadhifa hayakuheshimiwa, NARC ikafa ingali madarakani, na kura ya maoni ya 2005 kuhusu katiba mpya, chungwa (hapana) dhidi ya ndizi (ndiyo), ikazaa ODM.

Hata jina hilo la ODM lina kisa chake. Wakili mmoja alikuwa amewahi kulisajili kabla ya wanasiasa, wakalazimika kutumia ODM-Kenya. Walipogombana 2007, Kalonzo alibaki na ODM-Kenya, Raila akaenda kuchukua ile ODM ya wakili. Cheti cha usajili kilikuwa na thamani kuliko wanachama, kwa maana mwenye cheti ndiye mwenye chama.

Sababu ya ndani zaidi ni urais. Tangu 1992 mshindi hatakiwi kuwa na kura nyingi tu, anatakiwa pia asilimia 25 katika maeneo kadhaa ya nchi. Hakuna jamii inayoweza kufika peke yake, kwa hiyo viongozi huja mezani na ngome zao na kuunda muungano wa kushinda: TNA ya Uhuru Kenyatta na URP ya William Ruto zikawa Jubilee, UDA ya Ruto ikatoka Jubilee na kushinda 2022 kwa asilimia 50.49 dhidi ya Azimio, muungano wa Raila. Kazi ya muungano huisha siku ya kuapishwa. Mwaka 2007 mfumo huu ulituua: zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha baada ya matokeo kati ya PNU ya Kibaki na ODM ya Raila kupingwa.

## Tanzania nayo ilikuwa na chama kimoja. Mbona historia yake ni tofauti?

TANU, chama cha Julius Nyerere, haikuwahi kufungiwa ndani ya wilaya moja. Kuanzia 1954 ilifungua matawi nchi nzima, na katika uchaguzi wa 1960 ilipata viti vyote isipokuwa kimoja. Chama kimoja kilipowekwa kisheria 1965 hakukuwa na KADU ya kumezwa Bara. Zanzibar ni habari nyingine, na nzito. Vyama vingi viliporudi 1992, Tume ya Nyalali, iliyoundwa kukusanya maoni ya wananchi, ilikuta wananchi wengi bado wanataka chama kimoja, ikapendekeza mageuzi hata hivyo. CCM, mrithi wa TANU, ilibaki na mtandao wake hadi mashinani. KANU haikuwa na mtandao kama huo. Ilikuwa na machifu.

## KANU bado ipo?

Ipo, imesajiliwa, jogoo wake bado yumo kwenye karatasi za kura. Haijawahi kurudi Ikulu tangu 2002.

## Sheria ya sasa inasemaje kuhusu vyama?

Katiba ya 2010, kifungu cha 91, inataka chama kiwe na sura ya kitaifa na kinakataza kuundwa kwa msingi wa dini, lugha, rangi au kabila. Ili kusajiliwa kikamilifu kinahitaji wanachama angalau 1,000 walio wapiga kura katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Mbunge akijiuzulu kutoka chama kilichomdhamini hupoteza kiti, ingawa wengi huhamia upande wa pili kwa vitendo bila kuandika barua. Vyama vinavyotimiza masharti hupata fedha kutoka hazina ya umma. Hizo ni kodi zako, kwa hiyo una haki ya kuuliza matumizi.

## Nitajuaje kama nimeandikishwa chama bila kuulizwa?

Mwaka 2021 Wakenya wengi walishtuka kukuta majina yao kwenye orodha za vyama ambavyo hawakuwahi kuvikaribia. Vyama vilihitaji idadi ya kuonyesha msajili, na nambari za vitambulisho ziliokotwa kwenye madaftari ya walinzi milangoni na kwingineko. Ingia eCitizen, nenda huduma za Msajili wa Vyama vya Siasa, uangalie hali yako kwa nambari ya kitambulisho. Ukikuta umeandikishwa pasipo ridhaa yako, unaweza kujiondoa hapo hapo. Fanya hivyo mapema kama unafikiria kugombea kiti, hasa ukitaka kuwa mgombea huru, maana sheria inataka uwe huna chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi.